Redio, ramani na dishi la juu ya paa: kisa cha gari-nyumba moja Uingereza

Wahusika wa kisa hiki ni wanandoa wastaafu, watu wa pwani ya Kenya waliohamia Uingereza tangu ujana wao. Nimeondoa majina na mji, nawaita Mzee na Mama tu, na nimebadilisha mambo madogo yasiyogusa kiini cha jambo. Wao wenyewe waliridhia niandike. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na gari lao lilinifikia likiwa tayari limeshafungwa mtambo mpya wa redio na ramani ambao haukuwaridhisha.

Usuli

Gari ni Fiat Ducato la 2011. Kebini ni ya kiwandani, nyuma yake imejengwa nyumba ya faiba yenye vitanda, jiko na choo. Urefu wake unakaribia mita 7 na uzito ulioruhusiwa ni kilo 3,500. Uzito huo Mzee aliuchagua kwa makusudi. Uingereza, aliyefaulu mtihani wa udereva kabla ya tarehe 1 Januari 1997 huwa na daraja la C1 pia, la magari ya hadi tani 7.5, lakini akitimiza miaka 70 daraja hilo humtoka mpaka apeleke fomu iliyojazwa na daktari. Mzee ameshapita umri huo na hakutaka habari za fomu, akanunua gari lisilozidi tani 3.5.

Redio ya zamani ilikuwa ya FM na CD. Ramani ilikuwa simu ya Mama, akiishika yeye kwenye kiti cha abiria. Utaratibu huo hauna kosa kisheria. Dereva ndiye akikamatwa ameshika simu hutozwa pauni 200 na kupewa pointi 6 kwenye leseni. Ramani yenyewe ilikuwa Google Maps, ambayo hupanga njia ya gari dogo na wala haiulizi gari lako lina kimo gani.

Siku moja ramani ikawaingiza kwenye barabara inayopita chini ya daraja la reli lenye kibao cha futi 9 na inchi 6, yaani karibu mita 2.90. Kitabu cha gari kinasema kimo chake ni mita 2.78. Mzee akapiga hesabu kichwani, akaona kuna nafasi, akaendelea taratibu. Mama akapiga kelele: "Wewe mzee, simama! Na lile dishi je?" Mwenye gari wa kwanza alikuwa amefunga kuba la dishi la televisheni juu ya paa. Wakashuka, wakatazama, wakaona halipiti. Ikabidi gari lirudi nyuma kwenye njia nyembamba, foleni ya magari ikiwasubiri.

Wote wawili walitoka pale na funzo moja: ramani ya simu haifai, tununue mtambo mzuri. Funzo hilo lilikuwa na ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyowagharimu baadaye.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Walikwenda kwenye duka linalofunga redio za magari. Huko waliuzwa kioo cha inchi 9 chenye mfumo wa Android ndani yake: redio ya FM na DAB (redio ya kidijitali), Bluetooth, programu ya ramani, na kamera ya nyuma. Pamoja na kufunga walilipa kama pauni 600. Mzee alipenda. Maneno yake kwangu yalikuwa, "Mwanangu, nilitaka kioo kimoja kikubwa, kila kitu humo humo, nisihangaike."

Malalamiko yalikuja moja moja. Kwanza betri. Gari likikaa kwa wiki moja na nusu bila kuwashwa, stata haizunguki. Pili, DAB ilisikika vizuri mjini kwao, wakitoka tu nje ya mji inakatika. Tatu, kamera ilikuwa inawaka wakiingiza rivasi tu, na gari la namna hii halina dirisha la nyuma, kwa hiyo barabarani dereva hajui nani anamfuata kwa karibu. Nne, programu ya ramani iliyokuja na kioo nayo ilikuwa ya magari madogo. Walikuwa wamelipa pauni 600 na suala la daraja bado liko palepale.

Nilipotoa fremu na kuvuta kioo nje nilikuta mambo matatu nyuma yake.

Waya wa manjano na mwekundu vilikuwa vimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu. Kwa wasiojua, waya wa manjano wa redio hupokea umeme wa betri muda wote ili redio ihifadhi kumbukumbu, na mwekundu hupokea umeme pale ufunguo unapozungushwa, ndio unaoiambia redio iamke au ilale. Kwenye Ducato la toleo hili plagi ya redio haileti umeme wa ufunguo moja kwa moja. Taarifa hiyo hupita kwenye mawasiliano ya CAN, yaani mtandao ambao kompyuta za gari huzungumzia, na inahitaji adapta ya kuitafsiri. Aliyefunga hakuwa na adapta, akaunganisha zote mbili. Mzee akizima kioo kwa kidole, kioo kinakuwa cheusi lakini ndani kompyuta iko macho. Nilipima ampea 0.28 gari likiwa limefungwa. Kwa siku hiyo ni karibu Ah (saa-ampea) 6.7. Betri ya stata ni ya Ah 95, kwa hiyo wiki moja tu nusu yake imekwenda.

Antena ya DAB ilikuwa ile ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Antena hizi huja na kipande cha karatasi ya shaba ambacho ni lazima kigusane na bati la nguzo ya kioo, ndiyo ethi yake, yaani muungano wake na mwili wa gari. Kipande hicho kilikuwa kimebandikwa kwa unadhifu kabisa juu ya plastiki inayofunika nguzo.

La tatu ni waya wa kijani. Huu hufungwa kwenye swichi ya breki ya mkono ili video isionekane gari likiwa linatembea. Ulikuwa umefungwa moja kwa moja kwenye ethi, maana yake redio inaamini gari limesimama saa zote. Sheria ya Uingereza inamruhusu dereva aone kioo kinachomwonyesha hali ya gari, ramani ya njia, au mazingira ya gari lake kama kamera ya nyuma. Filamu hairuhusiwi mahali ambapo macho ya dereva yanafika. Mzee hakujua kwamba amefungiwa hivyo wala hakuwa ameomba.

Maamuzi na sababu zake

Kabla ya kugusa waya wowote nilimwomba Mzee twende nje tupime gari. Alishangaa kidogo, kwa sababu alikuja kwa ajili ya redio.

Kupima kimo cha gari-nyumba kuna utaratibu wake. Gari lisimame kwenye sakafu iliyonyooka, matairi yakiwa na upepo kamili, tanki za maji zikiwa tupu. Gari tupu hunyanyuka, na kimo unachokitaka ni kile cha juu kabisa. Tuliweka ubao mrefu ulionyooka juu ya kuba la dishi, tukausawazisha kwa pimamaji, halafu tukapima kutoka ncha zote mbili hadi chini. Jibu: mita 3.04. Kitabu kilisema 2.78. Sentimita 26 za tofauti zote ni za dishi.

Hapo ndipo kisa kizima kilipogeuka. Tuseme duka lingewauzia mtambo bora kuliko yote, wenye ramani ya magari makubwa, na Mzee angeandika ndani yake mita 2.78 za kitabuni. Mtambo ungempitisha kwenye lile lile daraja la mita 2.90, tena kwa sauti ya kujiamini.

Kuna jambo la pili lililotoka kwenye kipimo hicho. Uingereza, gari la aina hii likizidi mita 3 ni lazima liwe na kibao ndani ya kebini, mahali dereva anapokiona, kinachotaja kimo chake kwa futi na inchi. Hawakuwa nacho. Tuliandika futi 10, pamoja na mita 3.04 pembeni, tukabandika karibu na spidomita.

Kisha tukakaa na Mama pia, maana ndiye msoma njia. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuacha kioo kile kile na kununua programu ya ramani ya magari makubwa. Sygic na CoPilot zote zinauza matoleo ya namna hiyo. Ya pili ni kung'oa yote na kufunga mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya dashibodi ya Ducato, wenye ramani ya magari-nyumba ndani yake, kama wanavyouza Alpine na Zenec. Bei yake pamoja na kazi ingepita pauni elfu moja. Ya tatu ni kubaki na kioo kwa ajili ya redio na kamera, na kununua kifaa cha GPS cha pembeni cha magari-nyumba, mfano wa Garmin Camper au TomTom GO Camper.

Mzee alisimama kwenye ya pili. Alikuwa bado na hamu ya kioo kimoja. Mama alisema, "Mimi nataka mtu aniambie geuka wapi, na niweze kukiangalia usiku mezani tukipanga kesho. Mtaning'olea dashibodi niilete mezani?"

Tulichagua ya tatu, na sababu kubwa kwangu ilikuwa kamera. Gari lisilo na dirisha la nyuma linahitaji picha ya nyuma muda wote liko barabarani. Picha hiyo ikikalia kioo kikubwa, ramani haina pa kukaa, na ukiigawa mara mbili kila upande unakuwa mdogo usiosomeka kwa macho ya mtu wa miaka sabini. Sababu nyingine ni umri wa vitu vyenyewe. Redio nzuri hukaa miaka kumi. Ramani na kompyuta yake huchoka mapema, na kikiharibika kifaa cha pembeni huhitaji fundi wala bisibisi kukibadilisha. Isitoshe usiku kinaondolewa kwenye kioo cha mbele, kinaingia ndani na Mama.

Kwenye wayaringi nilifunga adapta ya CAN ili waya mwekundu upate umeme wa ufunguo kama inavyotakiwa. Ule wa manjano niliuhamishia kwenye betri ya pili, ile ya nyumba, ya Ah 100, kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, na ethi ya redio nikaiacha mahali pamoja ili mvumo wa altaneta usiingie kwenye spika. Nikaweka swichi ndogo ya pande mbili: upande wa safari redio inafuata ufunguo, upande wa kambi inawaka bila ufunguo. Wakisikiliza kwa sauti ya kawaida inakula kama ampea moja na nusu, kwa hiyo jioni nzima haifiki hata Ah 10, na paneli ya jua ya paani inazirudisha kesho yake. Betri ya stata imebaki na kazi ya stata.

Kamera niliipa umeme wa ufunguo badala ya ule wa taa ya rivasi, na nikainyanyua kidogo ili bampa ionekane chini ya picha na barabara juu yake. Kamera ya lenzi mbili ingefanya vizuri zaidi. Hawakutaka gharama hiyo, na sikuwashinikiza. Waya wa kijani ulirudi kwenye swichi ya breki.

Kuhusu DAB, Mzee alikuja na wazo la antena ya paani, alikuwa ameiona kwenye gari la jirani yake. Nilimkatalia. Paa la faiba halina bati chini yake, na antena nyingi za kufunga paani hutegemea bati hilo ili zifanye kazi. Isitoshe tungekuwa tunaongeza kimo cha gari ambalo tayari limeshawaletea matatizo ya kimo. Nilibandua plastiki ya nguzo, nikasugua rangi kidogo, nikakibandika kile kipande cha shaba kwenye bati. Kazi ya robo saa.

Kwenye GPS tuliandika kimo cha mita 3.15, ili pabaki nafasi ya sentimita kumi na moja. Upana nilipima pamoja na vioo vya pembeni. Kisheria vibao vya upana havihesabu vioo, lakini nguzo za chuma zinazowekwa kwenye njia nyembamba za futi 6 na inchi 6 hazijasoma sheria. Urefu tulijumlisha kibebea baiskeli.

Matokeo

Safari ya kwanza ilikuwa Scotland. Kifaa kiliwakatalia njia kadhaa za mkato na kuwazungusha kwenye barabara kuu, na Mama alilalamika kwamba kinapenda kuzunguka kama dereva wa teksi. Hawakukutana na daraja lolote la kuwasimamisha. DAB ilishika vizuri hadi walipoingia kwenye mabonde ya milimani, ambako kwenye sehemu nyingi mawimbi yenyewe hayafiki na hakuna antena ya kulitatua hilo. Huko walisikiliza taarabu zilizohifadhiwa kwenye simu. Baada ya majira ya baridi gari lilikaa wiki kadhaa bila kuguswa, na likawaka kwa mpigo wa kwanza.

Jambo moja lilizua mabishano ndani ya kebini. Kwenye barabara za njia mbili zisizogawanywa, kifaa kilionyesha kikomo cha maili 50 kwa saa, na Mzee akasema ni 60. Mzee ndiye aliyekuwa sahihi. Uingereza kikomo cha 50 kwa gari-nyumba kinafuata uzito wa gari likiwa tupu, ukizidi tani 3.05, na lao halifiki. Kifaa kilikuwa kinakisia kutokana na zile tani 3.5 tulizoandika. Kosa la kuelekea upande wa usalama halijamdhuru mtu, ila wajue kwamba namba ya mwendo kwenye kifaa si kibao cha barabarani.

Baya zaidi lilitokea baada ya kusasisha ramani nyumbani. Kifaa kilirudi kwenye mpangilio wa gari dogo, kimo na upana vikafutika. Mama ndiye aliyegundua, kwa sababu kile kipicha cha gari kwenye pembe ya kioo kilikuwa kimebadilika. Sasa wana desturi: kabla ya kuweka mwisho wa safari, yeye anasoma kimo kwa sauti na Mzee anakilinganisha na kibandiko cha kwenye dashibodi.

Walipovuka kwenda Ufaransa walibadilisha maili kuwa kilomita kwenye kifaa. Ufaransa vifaa vinavyotaja kamera za mwendo hasa zilipo haviruhusiwi, vinaruhusiwa vinavyoonya kuhusu eneo la hatari kwa jumla, kwa hiyo waliangalia mpangilio huo kabla ya kuvuka.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote hakikugharimu kitu: ubao, pimamaji na futi ya kupimia. Duka lilianza na ukubwa wa kioo, wanunuzi nao walianza na hamu ya kioo, na hakuna aliyeuliza gari lina kimo gani. Ukianza na kioo, ramani inakuwa programu tu iliyomo ndani yake, unaipokea jinsi ilivyo. Ukianza na kimo, maswali yanajipanga yenyewe: ramani ipi inapokea vipimo vya gari, ikae wapi, na redio ibaki na kazi gani.

Kutenganisha redio na ramani kuligharimu pauni 400 hivi za kifaa, juu ya zile 600 za kwanza na kazi yangu. Mzee anaona amelipa mara mbili, na ana haki ya kulalamika. Lakini kioo cha kwanza hakikuwa kibaya. Kilifungwa vibaya. Baada ya adapta na karatasi ya shaba kukaa mahali pake kimekuwa redio nzuri tu, na sikuona sababu ya kukitupa ili kuridhisha hamu ya kitu kipya.

Kwa fundi aliyefunga mwanzo, nyaya mbili za kwanza nazielewa. Haraka, ukosefu wa adapta, mteja anasubiri. Waya wa kijani ni jambo jingine, kwa sababu pale mtu aliamua kwa niaba ya mteja kuvunja sheria ambayo mteja ndiye atakayeulizwa, na bima yake pia.

Kilichobaki kuwa dhaifu ni utegemezi kwa Mama. Utaratibu wote wa kukagua kimo unasimama juu ya mtu mmoja makini kwenye kiti cha abiria. Mzee akisafiri peke yake, kinga iliyobaki ni kibandiko cha futi 10 na macho yake kwenye vibao. Ramani ya madaraja kwenye kifaa chochote ina mapengo, na kibao cha barabarani ndicho chenye neno la mwisho.

Pia nisingependa kisa hiki kichukuliwe kama ushauri kwa kila gari. Wapo wanaosafiri kwa Ducato la kawaida la bati lililogeuzwa kuwa nyumba, la kimo cha mita 2.5 hivi, lisilo na dishi wala sanduku juu. Gari hilo lina dirisha la nyuma, paa lake ni la bati, na madaraja mengi ya kumsumbua mwenye mita 3.04 halitayahisi. Kwake redio yenye Apple CarPlay au Android Auto, zinazoleta ramani ya simu kwenye kioo cha redio, na simu aliyonayo inamtosha, akikumbuka tu vizuizi vya mita 2.1 kwenye maegesho. Hapo sioni pauni 400 za kifaa cha pili zinanunua nini, isipokuwa kwa anayezunguka sana vijijini Wales au Cornwall, ambako shida ni upana wa njia.